Mashabiki wa U2 mnaolilia "The Joshua Tree" kila albamu ikitoka, uthubutu wa hii bendi mmeuua nyie

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Leo naandika.

Kila U2, bendi ya roki ya Ireland, wakitajwa lazima atokee mtu wa kusema bendi iliisha mwaka 1987 na "The Joshua Tree", na mwingine wa kumjibu kwamba hapana, iliisha 1991 na "Achtung Baby". Na hao hao ndio wa kwanza kulalamika kwamba albamu za miaka hii zimepoa, hazina jipya, kiitikio unakijua kabla hakijafika. Sasa mnataka nini? Ilipothubutu mliizomea. Ilipoacha kuthubutu mnaizomea tena.

Mmekariri. Mnaitaja "Achtung Baby" kama albamu ya heshima, mnasahau kwamba wakati inatengenezwa ilikuwa kamari tupu. Oktoba 1990 waliingia studio za Hansa, Berlin, na bendi nusura ivunjike. Bono mwimbaji na Edge mpiga gitaa walitaka mashine, midundo ya dansi, magitaa yenye sauti chafu. Larry Mullen wa ngoma na Adam Clayton wa besi hawakuona sababu ya kutupa kitu kilichowafikisha pale. Walivutana hadi siku "One" ilipozaliwa studioni kutokana na vipande vya wimbo mwingine. Wangewasikiliza mashabiki wa aina yenu mwaka ule, hiyo "Achtung Baby" mnayoringia isingekuwepo. Mliisamehe kwa sababu iliuza, basi.

Albamu ya "Zooropa" ya 1993 ndiyo inayonichoma zaidi, kwa sababu mnaipita kama vile haipo. Waliirekodi kwenye mapumziko ya ziara ya Zoo TV, na ziara ilipoanza tena wakawa wanapiga shoo halafu wanaruka kurudi Dublin kuimalizia. Sikilizeni "Numb" kwa utulivu. Edge anaimba kwa sauti bapa isiyopanda wala kushuka, anatoa makatazo mfululizo, usifanye hiki, usifanye kile, na nyuma yake Bono analia kwa sauti nyembamba kama anatoka chumba kingine. Bendi yenye mmoja wa waimbaji wenye sauti kubwa zaidi duniani inamkabidhi maikrofoni mpiga gitaa na kumwambia asiimbe kwa hisia, kisha inautoa wimbo huo kuwa wa kwanza wa albamu! Na wimbo wa mwisho wakampa Johnny Cash, mkongwe wa muziki wa country wa Marekani, wakati ambao wakubwa wa muziki wa Nashville walikuwa wamemtupa. "American Recordings", albamu iliyomrudisha juu, ilikuja mwaka uliofuata. U2 walimwona kabla.

Albamu ya 1995 waliyoitoa na Brian Eno kwa jina la "Passengers" sitaitetea yote, na Larry mwenyewe hajawahi kuificha chuki yake kwa albamu ile. Lakini ina "Miss Sarajevo", Bono akiimba kwa upole halafu Pavarotti, mwimbaji wa opera, anaingia. Kwa wimbo huo mmoja naikubali.

Sasa tuje kwenye albamu ya "Pop", maana najua ndiko mnakokimbilia.

Ndiyo, ililipuliwa. Tarehe za ziara zilipangwa kabla albamu haijaisha. Larry alikuwa na tatizo la mgongo, wenzake wakaanza kazi kwa midundo ya kukata na kuunganisha, aliporudi ikabidi mengi yafanywe upya. Albamu ikatoka Machi 1997 na tarehe 25 Aprili walikuwa tayari jukwaani Las Vegas. Hapo kuna kosa la ratiba. Wazo lenyewe lina kosa gani? Hamjawahi kunijibu.

Mnasema ni albamu ya disko isiyo na moyo. Haya, chukueni "Mofo", wimbo wenye mashine nyingi kuliko yote mle. Gitaa linapiga kelele kama king'ora, besi ya Adam inakimbia, ngoma hazikupi nafasi ya kupumua. Halafu katikati mdundo unalegea, na Bono anamgeukia mama yake, aliyefariki mwaka 1974 yeye akiwa na miaka 14. Anamuuliza kama bado ni mwanawe. Anamwambia kwamba bado ni mtoto, ila hakuna tena wa kumkataza kitu. Huo ndio wimbo waliofungulia shoo za PopMart, ziara ya albamu hiyo, mbele ya viwanja vizima. Mtu akiniambia huo hauna moyo naamini hajausikiliza, amesikia tu kwamba "Pop" ni mbovu akabeba maneno ya watu.

Na "Please"? Wimbo kuhusu Ireland ya Kaskazini, ambao singo yake ilitoka na nyuso nne za wanasiasa kwenye jalada, Adams, Trimble, Paisley na Hume. Ziara ile mnayoikumbuka kwa sababu ya lile limau kubwa la jukwaani tu ndiyo iliyoingia Sarajevo Septemba 1997, haijafika hata miaka miwili tangu vita iishe. Bono sauti ilimkauka, uwanja ukaimba naye. Hayo hamyataji.

Kelele zenu zikawafikia. Hapa ndipo hasira yangu inapogeukia bendi yenyewe. Mwaka 2000 wakatoa "All That You Can't Leave Behind", na Bono akatangaza kwamba wanaomba upya kazi ya kuwa bendi bora duniani. "Beautiful Day" ni wimbo mkubwa, sibishi. Lakini msanii anayeomba kazi anaanza kuandika kile mwajiri anachotaka kusikia, na mwajiri mliwekwa nyie. Mwaka 2002 kwenye mkusanyiko wa nyimbo bora wakazichanganya upya "Discothèque", "Gone" na "Staring at the Sun", kana kwamba zile za mwanzo ni aibu ya kufunikwa.

Wakajaribu tena mara moja. Mwaka 2007 walikwenda Fez, Morocco, na maprodyuza wao Brian Eno na Daniel Lanois, na matunda yake ni "No Line on the Horizon" ya 2009. Mnasema albamu ile ilianguka kwa sababu ya majaribio. Si kweli, na ushahidi mnao masikioni. "Moment of Surrender" ina zaidi ya dakika saba, sehemu kubwa ilipatikana kwa kupiga pamoja mara moja bila kupanga, na ndiyo waliyoitumia kufunga shoo za ziara ya 360°. "Fez – Being Born" inakubeba bila kiitikio cha kushikilia. Palipolegea ni katikati, pale walipopata woga na kubandika nyimbo tatu za kufukuzia redio, kisha wakaichagua moja kati ya hizo, "Get On Your Boots", itangulie kuitangaza albamu. Woga ndio ulioiangusha, na lawama zote zikatwishwa majaribio.

Tangu hapo? Mwaka 2014 wakaingiza "Songs of Innocence" kwenye akaunti milioni 500 za iTunes, duka la muziki la Apple, bila watu kuomba. Ule ulikuwa ujasiri wa kibiashara, wa muziki ni kitu kingine. Mwaka 2017 ziara ya kuipiga "The Joshua Tree" yote mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2023 "Songs of Surrender", nyimbo 40 za zamani zilizorekodiwa upya kwa upole, halafu jengo la Sphere pale Las Vegas lenye skrini inayokufunika mpaka juu ya kichwa, na kiini cha shoo ni albamu ya 1991. Teknolojia ya kesho, nyimbo za juzi, na wimbo mmoja mpya wa kusindikizia. Mlishangilia hayo yote. Mlichoomba mmepata.

Na asije mtu na hoja ya umri. Johnny Cash alikuwa na miaka 62 "American Recordings" ilipotoka. David Bowie alitoa "Blackstar" siku aliyotimiza miaka 69, siku mbili kabla ya kufa, akiwa na wanamuziki wa jazi wa New York, na hakuna aliyemwambia arudi kupiga "Ziggy" ya ujana wake. Uzee hauzuii mtu kujaribu. Kinachozuia ni kuogopa kuzomewa na watu wanaokupenda.

Kwa hiyo mnaokuja kunijibu, mauzo na mapato ya ziara yaacheni huko huko, nayajua. Njooni na nyimbo. Mimi nimeshazitaja zangu. Nitajieni kibao cha baada ya 2009 ambacho unasikia kabisa kwamba walipokianza hawakujua kitaishia wapi. Nilichokipata mimi ni "Sleep Like a Baby Tonight", kinanda cha mashine kinachopiga polepole, Bono kwa sauti ya juu nyembamba akiimba habari ya padri, halafu gitaa la Edge linaingia likiwa limechanika. Kimo ndani ya ile albamu ya 2014 ambayo wengi wenu mliifuta kwenye simu kabla ya kuisikiliza. Nipeni cha pili.