Kujenga ulimi upya baada ya saratani: nyama ya mkono, paja au kifua?

MtotoWaMzee
Wakuu, baba ana saratani ubavuni mwa ulimi, karibu nusu itaondolewa. Daktari ametaja nyama ya kigasha au ya paja, ya kifua akaigusia tu. Mzee anauliza kimoja: ataongea? Mliopitia haya, ipi nafuu?

Kigasha
Pole sana ndugu. Mimi niliwekewa ya kigasha. Ni nyembamba na inakunjika, kwa hiyo ulimi uliobaki unaimudu. Kabla ya upasuaji daktari alinikunjisha ngumi, akabana mishipa yote miwili ya damu karibu na kiganja hadi kikapauka, kisha akaachia mmoja aone kama wekundu unarudi. Mmoja huondoka na nyama, mkono uishi kwa uliobaki. Ubaya ni kovu: kidonda huzibwa kwa ngozi ya sehemu nyingine, na linaonekana. Halafu vinywele! Viliniota mdomoni hadi mionzi ilipovimaliza.

DadaWaWodi
Kwa nusu ya ulimi, hata mimi ningeanzia kigasha. Paja mara nyingi lina mafuta zaidi, ila kidonda chake kwa kawaida hushonwa moja kwa moja na nguo huficha kovu. Paja lina kazi hasa ulimi unapoondolewa wote au sehemu kubwa, maana hapo panatakiwa ujazo wa kufika kwenye kaakaa, la sivyo kumeza ni tabu. Madaktari huweka kubwa kidogo makusudi, kwa kuwa mionzi huisinyaza. Zote mbili mishipa huunganishwa kwa hadubini, kazi ya saa nyingi. Siku 2 au 3 za mwanzo tunakagua rangi kila saa, na ikianza kuwa zambarau, mgonjwa anarudishwa chumba cha upasuaji hata usiku wa manane.

Mjukuu_2
Kifua msikidharau. Bibi yangu moyo wake haukuruhusu upasuaji mrefu. Nyama ilipitishwa chini ya ngozi ya shingo ikiwa bado na mshipa wake, hakuna cha kuunganisha. Njia hii imetumika tangu mwaka 1979. Ni nzito lakini, na bega lilimsumbua.

MtotoWaMzee
Na wakishona tu bila kupandikiza?

DadaWaWodi
Kwa kipande kidogo, sawa kabisa. Kwa nusu, ulimi unaweza kuvutwa ukashikana na sakafu ya kinywa. Ila kaka, nyama yoyote mtakayochagua haionji na haijisogezi. Kuongea kutategemea zaidi kilichobaki. Muulize daktari: ncha itabaki? Shina la nyuma je? Na mzee aonane na mtaalamu wa matamshi kabla ya kukatwa, asisubiri baada.

Kigasha
Naongea, hata kwenye simu, ingawa wageni huniomba nirudie. Wakichagua mkono, kwa kawaida huwa ule asioandikia. Mwambieni kila nesi mapema asichome dripu wala kutoa damu hapo.