Mnyama kaugua usiku na mfukoni hamna kitu, tupeane uzoefu

Wakuu habari za jioni. Wenye mbwa na paka njooni tusimuliane, maana mimi yamenikuta wiki 2 zilizopita na deni bado halijaisha.

Nina mbwa anaitwa Simba, chotara wa Jemani, nilimchukua kwa 80,000 akiwa na miezi miwili, yule jamaa akaapa kwamba kashachanjwa, nikaamini, kadi sikuomba. Jumatano jioni kagoma kula, nikasema labda ni hili joto la Dar. Saa 6 usiku naamka kunywa maji nakutana na harufu huko uani sijawahi kuisikia, kumulika tochi kumbe kaharisha damu na bado anatapika povu la njano, macho yamezama, namwita jina hata mkia hainui. Nikapiga simu kwa madokta wa mifugo 4, wawili hawakupokea, mmoja yuko safari, wa mwisho akanisikiliza akasema hiyo dalili zote ni parvo, kile kirusi cha tumbo kinachoua mbwa wadogo, usingoje kukuche, afu akanitajia bei. Hapo ndo nikawa bubu. Wife kakaa pembeni ananiuliza, na ada ya mtoto je? Wala hakuwa amekosea.

Hesabu yenyewe hii: kumwona na kipimo 55,000, dripu na sindano 40,000 kwa siku, siku 5, jumla 255,000 bila bodaboda. Na boda wawili walinikatalia, wa tatu akakubali baada ya kumweka Simba kwenye beseni na kumfunika shuka. Nilimwambia dokta mapema kabisa, mzee mkononi nina 90,000 tu. Akasema anza na hiyo, nyingine tutapeana mwisho wa mwezi. Ningeona aibu kusema ningerudi naye nyumbani akafie uani.

Nyie mlifanyaje?

Mdau wa Tabata
Laki 2 na nusu kwa mbwa?? Mkuu si unapata mwingine wa 20,000 hapo hapo mtaani 😂

Bint Kisauni
Wewe wa Tabata hujawahi kupenda kiumbe, wacha tuongee sisi. Mimi ni paka wangu dume, huku Mombasa. Nilimuona anaenda kwa mchanga anachuchumaa, anatoka, anarudi, analia sauti nzito. Nikajua amefunga choo, nikamnywesha samli kijiko kizima, Mungu anisamehe. Siku ya pili amelala tu chini ya kitanda. Daktari alipomshika tumbo akanambia mama huyu si choo, ni mkojo umeziba, kibofu kimekuwa kigumu kama ndimu, ungekawia mpaka kesho ungekuja na maiti. Akawekwa mpira wa mkojo akalala huko siku 3. KSh 14,000. Nilikuwa na pesa za chama chetu cha kuchangiana ambazo hazikuwa zangu, nikazitumia, nikaenda kuwaambia wenzangu baadaye, mmoja mpaka leo haniamkii vizuri. Paka dume akichuchumaa mkojo usitoke msingoje hata usiku mmoja.

Kaka wa Sakina
Arusha hapa. Jirani alitega sumu ya panya, mbwa wangu akala panya au akala sumu yenyewe sijui. Siku 3 hakuna kitu, nikajua tumepona. Siku ya 4 fizi nyeupe kama karatasi na damu inatoka puani. Bahati nilienda kwa jirani kuokota pakti kwenye jalala lake, dokta aliposoma tu akajua ni ile ya kuzuia damu isigande, akaanza vitamini K hapo hapo, nikaendelea na vidonge wiki 4. Vidonge ndo viliniumiza kuliko hospitali, kila wiki nanunua. Watu mtaani walikuwa wananiambia nimpe maziwa. Nilimpa. Hayakusaidia chochote.

Nasoma SUA
Nipite haraka, huku chuo cha kilimo Sokoine nina tesiti kesho. Mleta mada, chanjo ya parvo siyo moja, unaanza wiki ya 6 mpaka 8 unarudia kila wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16, kwa hiyo hata kama yule jamaa alichanja kweli bado isingetosha. Na hicho kirusi kinakaa kwenye udongo miezi mingi, usilete kitoto kingine cha mbwa hapo uani leo wala kesho. Sakafu piga jiki. Kingine, PANADOL MSIMPE PAKA, hata kidonge kimoja kinaua.

Mwanafunzi, Nairobi
Wangu aligongwa na matatu. Uti wa mgongo. Nilitajiwa operesheni KSh 95,000 na daktari mwenyewe akasema hata nikilipa kutembea si uhakika. Nilikuwa na 6,000 na fees bado. Nikaketi naye kwa benchi karibu saa nzima, nikamlisha mandazi, akakula yote, hiyo ndio ilinimaliza. Kisha nikasaini achomwe ile sindano ya kulala asiamke tena. Hiyo nayo nililipia. Mnaosema ningechangisha, nilichangisha, nilipata 1,150.

Mdau wa Tabata
Dah. Pole sana mdogo wangu. Ile ya juu nilikuwa natania.

Mleta mada
Nairobi pole, sina neno. Simba kapona, juzi kala kandambili ya wife, ya kushoto tu. Deni limebaki 105,000. Sa hivi kila nikipata hela ya kibarua natupa 5,000 kwenye kibubu cha mbwa, mtoto ndo mwenye ufunguo maana mimi sijiamini.

Bint Kisauni, huyo paka bado anakula dagaa wakavu?

Bint Kisauni
Anakula, ila nawalowesha kwa maji mengi mpaka wawe kama mchuzi. Daktari alisema anywe maji, na kwa bakuli hataki kabisa. Anataka kwa ndoo yangu ya kuoga.