Mrejesho: matairi mapya ya UTV

Wakuu, niliuliza nifunge matairi gani kwenye UTV yangu (kigari cha njia mbovu chenye bodi ya mizigo nyuma) baada ya yale ya kiwandani kuisha kashata, yaani meno ya tairi: nirudie inchi 27, au nipande hadi 30 ya tope. Asanteni wote, hata mlionishauri niuze gari.

Nimefunga inchi 28, plai 8 (kipimo cha uimara wa tairi), kashata za wastani. Aliyenimaliza ni mdau aliyeeleza habari ya mkanda unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu: tairi likikua, gari linakuwa zito kuondoka, na mkanda unachemka, hasa ukipanda mlima polepole na mzigo nyuma. Ile 30 nikaiacha hapohapo.

Kuhusu kubadilisha mawili ya nyuma tu, hapana. Ukifunga 4WD, magurudumu yote manne yavute, huku mbele na nyuma hazilingani kimo, mfumo mzima unavutana wenyewe kwa wenyewe. Nimenunua yote manne.

Utamu uko kwenye upepo. Fundi alijaza psi 20, gari likawa linadunda kama mpira. Nikashusha hadi 12, ndani ya kipimo cha kibandiko cha kiwandani, na sasa kwenye mawe unaona kabisa ubavu unabonyea na kashata zinashika jiwe. Kwenye udongo wa mfinyanzi zinajaa hadi tairi linakuwa kama halina kashata. Ukikanyaga mafuta kidogo zinautema. Hapo wenye matairi ya tope wananipita, sibishi. Ila kwenye njia ngumu usukani umetulia, nami huko ndiko ninakopita zaidi.

Limebaki moja: spea mnaifunga wapi bila kuziba bodi ya mizigo?