Nilimrudishia herufi za 4WD alizobandika kwenye Voltz yangu, akazifuta akaziweka kwenye droo

Wakuu, ninaandika huku mikono ikitetemeka, kwa hiyo mnivumilie nikirudia jambo moja mara mbili au tatu. Nimetoka sasa hivi kwenye yadi ya yule bwana. Simtaji, wala hakuna haja ya kumtaja, kwa sababu kila aliyewahi kuuliza bei ya gari hapa Mbeya, kuanzia Mbalizi hadi Uyole, ameshakalia kile kiti chake cha plastiki na kupewa soda ya bure.

Mwezi wa nane mwaka jana aliniuzia Toyota Voltz. Shida yangu nilimweleza bila kuficha: mimi ni mwalimu, nina shamba la viazi juu ya Isyonje, na mvua zikianza njia ya kule hugeuka uji. Nilitaka gari dogo linalosukumwa na matairi yote manne, la kupanda nalo shambani Jumamosi na kwenda nalo shuleni Jumatatu. Akanizungusha hadi nyuma ya gari, akakishika kidole changu mwenyewe na kukipitisha juu ya herufi za 4WD zilizokuwa ziking'aa kwenye mlango, akasema, "Mama, hili linapanda ukuta." Kwa ajili ya zile herufi niliongeza milioni moja na nusu juu ya bajeti yangu.

Kiangazi chote sikuwa na neno. Viti vya nyuma vinalala bapa, sakafu ya kule nyuma ni plastiki ngumu isiyoogopa udongo, na kioo cha nyuma kinafunguka chenyewe bila kuinua mlango mzima, hivyo niliweza kuchomeka jembe hata gari likiwa limejaa mbegu. Nililipenda gari lile, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumamosi iliyopita mvua ikanyesha kama vile mbingu imetobolewa. Nikakwama. Matairi ya mbele yakachimba kaburi la kumzika tembo, na ya nyuma yakatulia kama wageni wanaosubiri chai. Wakaja vijana sita kunisukuma. Mmoja wao, aliyekuwa ameegemeza kiganja kwenye mlango wa nyuma, akaja dirishani akaniambia kwa upole, "Mama, hii imebanduka." Kiganjani mwake, juu ya tope, zilikuwa zimelala 4, W na D, na gundi nyeupe ikiwa bado imeganda mgongoni. Mwenzake akachungulia uvunguni, akainuka akasema hakuna propela wala difu za kupeleka nguvu kwenye matairi ya nyuma, kuna bomba la moshi tu.

Leo asubuhi nikampelekea herufi zake nikaziweka mezani, mbele ya wateja wawili. Nilijiandaa kwa ubishi na hata kwa matusi. Hakubisha. Alizichukua, akazifuta kwa leso moja baada ya nyingine, akafungua droo, akaziweka, akafunga. Kisha akasema, "Asante Mama, nilikuwa nazitafuta."

Nilikuwa nazitafuta! Yaani zimo kwenye droo yake hivi sasa ninavyoandika, safi, zinasubiri mlango wa gari jingine.

Fundi wa Mwanjelwa: Pole sana Mwalimu, lakini kosa la kwanza ni lako. Kadi ya gari unayo nyumbani. Namba ya chesisi ikianza na ZZE138, hiyo ndiyo Voltz ya 4WD; ikianza na ZZE136, inavutwa na matairi ya mbele peke yake. Na hata bila kadi, ungeinama tu: ya 4WD ina difu nyuma, na kila gurudumu la nyuma linacheza kivyake, wakati ile nyingine ina boriti moja inayounganisha magurudumu yote mawili.

Mwalimu wa Viazi: Nimeitazama kadi. Ni ZZE136. Lakini ndugu yangu, alizifuta kwa leso!

Mkazi wa Soweto: Mama, miezi yote hiyo unafundisha watoto kusoma, na namba kwenye kadi yako hukuisoma? Tope la Isyonje ndilo lililokusomea.

Dereva wa Kitonga: Mimi huyo bwana aliniuzia Voltz ya 4WD kweli, na ninamlalamikia vilevile. Inakula oili kuliko inavyokula petroli. Nilipanda Kitonga nikiwa na lita moja ya akiba kwenye buti, nikafika Iringa mjini chupa ikiwa tupu.

Fundi wa Mwanjelwa: Hiyo ni injini ya 1ZZ-FE, cc 1,794, na oili inapitia kwenye ringi za pistoni. Allion na Wish nyingi za miaka ile zina injini hiyohiyo, kwa hiyo spea zake hazisumbui. Badilisha ringi uache kumtupia lawama muuzaji.

Mwalimu wa Viazi: Jamani, turudi kwenye droo. Kuna mtu wiki ijayo atauziwa herufi zangu.

Binti Makambako: Bora nyie mnaolia injini. Mimi ninatafuta taa ya nyuma ya kushoto tangu Krismasi. Kila duka ninaambiwa nilete ya Corolla, nayo haifanani hata kidogo.

Mkazi wa Soweto: Haiwezi kufanana. Voltz zilitengenezwa Marekani, katika kiwanda cha ubia wa Toyota na General Motors kilichokuwa Fremont, California, ndipo zikapelekwa Japani zikiwa na usukani wa kulia. Ziliuzwa kule kuanzia 2002 hadi 2004 tu, kisha zikasitishwa. Pacha wake ni Pontiac Vibe, na Pontiac yenyewe haipo tena sokoni.

Dereva wa Kitonga: Bampa la mbele nilitafuta miezi mitano. Nimelishona kwa waya.

Mwalimu wa Viazi: Nani atakwenda nami kesho kuzidai? Ninazitaka zile herufi, hata kama ni za kuzitupa mtoni.

Binti Makambako: Hilo la waya lilishika? Langu limepasuka chini ya taa ya ukungu.

Dereva wa Kitonga: Limeshika, ila usilioshe kwa mashine. Na taa ya kushoto ninayo, ilitoka kwenye gari lililopata ajali. Ina ufa mdogo pembeni. Ukifika Iringa nitafute stendi.