Kupiga kambi na marafiki kwenye Pennsic War: tujiandae vipi?

Mgeni wa Turubai aliuliza:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Sisi ni marafiki sita tunaoishi Marekani, na tumekubaliana kwenda Pennsic War mwaka ujao, yaani ule mkusanyiko wa kila kiangazi ambapo wapenzi wa Zama za Kati hupiga kambi na kupigana vita vya mchezo katika uwanja wa Cooper's Lake, karibu na Slippery Rock, jimboni Pennsylvania. Miongoni mwetu hakuna aliyewahi kufika. Mambo ya jumla tumekwisha kuyasoma: kwamba ulianza mwaka 1972, kwamba uko chini ya Society for Creative Anachronism, chama cha kuigiza maisha ya Zama za Kati kilichozaliwa Berkeley, California, mwaka 1966, na kwamba watu zaidi ya 10,000 huishi pale kwa muda unaozidi wiki mbili, kuanzia mwisho wa Julai. Yote hayo yanavutia, lakini hayajamaliza ubishi wetu.

Ubishi wenyewe ni huu. Wawili kati yetu wanataka tununue hema kubwa la turubai la pamba ili tufanane na mazingira, ilhali waliobaki wanaona mahema ya nailoni tuliyo nayo yanatosha. Hatujui pia kama ni busara kujitegemea au kuomba kujiunga na kambi ya wazoefu. Kuhusu chakula, mmoja wetu anashikilia kwamba kila mtu ajipikie, jambo ambalo mimi naona litatuletea majiko sita na lawama sita. Mwisho ni mavazi: tunaambiwa kila anayeingia avae mavazi ya kabla ya karne ya 17, na baadhi yetu hawana hamu ya kujifanya makabaila wa Ulaya. Naomba ushauri wa mtu aliyelala pale, si wa aliyepita mchana akarudi hotelini.

Mlinzi wa Uzio alijibu:

Ndugu Mgeni, nitaanza na ardhi, kwa kuwa ndiyo inayoamua mengine yote na ndiyo ambayo wageni huifikiria mwisho. Uwanja ule umegawanywa katika vitalu, na ndani ya kila kitalu huwekwa makundi kadhaa yaliyojiandikisha. Kila kundi hupewa eneo kulingana na idadi ya watu waliolipa mapema kwa jina la kundi hilo, kwa hiyo mkilipa wanne mapema na wawili wakangoja hadi siku ya kufika langoni, hao wawili hawaleti ardhi yoyote. Watalala katika nafasi ya wenzao. Siku za ufunguzi kila kundi hutuma mwakilishi wake wa ardhi, na wawakilishi wa kitalu kimoja hukaa pamoja na ramani na futi kamba, wakapimiana, wakabishana kidogo, kisha wakatia saini kabla hema la kwanza halijasimama. Ni shughuli inayohitaji mtu mtulivu. Msimpe kazi hiyo rafiki yenu mwenye hasira za karibu.

Asiye na kundi hupangiwa sehemu ya watu binafsi. Hapana ubaya wowote kulala huko, lakini hamna uhakika wa kuwa pamoja nyote sita.

Maoni yangu ni kwamba kwa mwaka wa kwanza mjiunge na kambi iliyokwishakuwapo. Wenyeji wa kambi ya namna hiyo wana jiko, wana turubai la kivuli, wana uzio, na zaidi ya yote wanajua maji ya mvua yanapita wapi. Hata hivyo, kabla ya kukubali, waulizeni mambo ambayo watu huona haya kuyauliza: mchango ni kiasi gani na unalipia nini, kila mtu anadaiwa zamu ngapi za kazi, wageni wa usiku wanaruhusiwa hadi saa ngapi, na je, kambi hiyo hupiga ngoma hadi karibu na alfajiri au hulala mapema? Kambi za aina zote mbili zipo, na mara nyingine zinatenganishwa na kipande cha nguo tu. Pamba za masikioni zichukueni kwa vyovyote vile.

Fundi Kamba alijibu:

Nami nitashika suala la hema. Wale wanne wanaotetea nailoni wana haki, kwa sababu hakuna sheria inayokataza hema la kisasa, na utakuta maelfu yake pale. Turubai la pamba linapendeza, linapitisha hewa, na mchana wa Agosti, joto linapokaribia nyuzi 30 au kuzipita, tofauti yake unaihisi kwenye ngozi. Lakini ni zito, linahitaji nguzo ndefu ambazo gari dogo halizibebi, na likifungwa likiwa na unyevu huota ukungu ambao hautoki tena. Mtu asiye na mahali pakavu pa kulianika akirudi nyumbani asilinunue.

Kama bado mna moyo wa kununua, jueni tabia zake. Nyuzi za pamba hunywa maji zikavimba na kuziba matundu, ndiyo maana hema jipya huloweshwa na kuachwa likauke kabla ya safari. Mshono unaovuja siku ya kwanza huenda ukaacha kuvuja baada ya hapo. Wakati wa mvua msiegemeze begi wala godoro kwenye ukuta, kwa sababu panapoguswa ndipo maji yanapopenyea. Kamba za pamba au katani hukaza zikilowa, kwa hiyo hulegezwa kidogo wingu linapokuja, lakini za nailoni hufanya kinyume: hulegea, nanyi mtalazimika kutoka usiku kuzikaza. Nimeona hema zuri likiangushwa na kamba zilizochanganywa, upande mmoja umekaza na mwingine umelegea.

Kwa hema la aina yoyote, tupeni vile vigingi vyembamba vinavyouzwa nalo. Ngurumo na upepo wa ghafla ni jambo la kawaida magharibi mwa Pennsylvania wakati huo wa mwaka. Watu wengi pale hutumia vipande vya nondo vilivyopindwa kichwani, vyenye urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni au zaidi, na huvipigilia kwa nyundo nzito vikiwa vimeinamia upande ulio mbali na hema. Kila kichwa cha nondo kifunikeni kwa kitu cheupe au mpira wa tenisi uliotobolewa. Gizani, kifundo cha mguu hakijui tofauti kati ya kamba na hewa.

Jambo la mwisho kwa upande wangu: msilale chini kabisa. Mchana ni wa joto, lakini usiku unyevu hupanda kutoka ardhini na baridi ya alfajiri humwamsha mtu. Kitanda cha kukunja chenye blanketi chini ya mwili, na siyo juu tu, kinatosha.

Mama Sufuria alijibu:

Ninamheshimu Mlinzi wa Uzio, lakini sikubaliani naye kwamba kujiunga na wazoefu ndiyo njia bora kwa kila mtu. Marafiki sita ni kambi kamili. Mkijiunga na kambi ya watu arobaini mtajifunza mengi, lakini mtaishi kwa desturi za wenyeji wenu, na huenda mkagawanywa zamu ambazo zitawafanya msile pamoja hata siku moja. Mnaweza kujiandikisha kama kundi dogo, mkawaomba ushauri majirani. Pale jirani hakatai kuazimisha nyundo.

Kuhusu chakula, ndugu Mgeni, uko sahihi kuogopa majiko sita. Ugomvi wa kambi nilioushuhudia mara nyingi huanzia kwenye beseni la vyombo, kisha ndipo hupanda hadi kwenye mambo makubwa. Pikeni pamoja mlo mmoja kwa siku, yaani wa jioni, na asubuhi na mchana kila mtu ajitegemee kwa mkate, matunda na vitu visivyohitaji moto, au aende kwenye mabanda ya chakula sokoni. Wawili wapike, wawili waoshe, wawili wawe huru, na siku inayofuata mbadilishane. Mpishi asioshe vyombo siku anayopika. Hilo liandikwe na libandikwe kwenye nguzo, kwa sababu makubaliano ya mdomo huyeyuka kwenye joto kuliko barafu.

Na hiyo barafu yenyewe mtainunua papo hapo, nanyi mtainunua kila siku. Muwe na masanduku mawili ya baridi: la vinywaji, ambalo litafunguliwa mara mia, na la nyama na maziwa, ambalo hufunguliwa wakati wa kupika tu. Nyama igandishwe nyumbani ikiwa bapa ndani ya mifuko isiyovuja, ipangwe kulingana na siku za kuliwa, ya siku ya mwisho ikae chini kabisa. Wekeni kipimajoto ndani. Kikipita nyuzi 5 kwa saa kadhaa, msimwonee huruma yule aliyenunua nyama. Vyombo vioshwe katika mabeseni matatu, la sabuni, la kusuuzia, na la maji yenye klorini kidogo, kwa sababu kuhara kambini ambako choo ni cha kupangia foleni ni mateso nisiyomtakia mtu. Kwenye moto pawe na ndoo ya maji wakati wote, na pasiwe na wakati ambapo moto unawaka na hakuna anayeuangalia.

Mgeni wa Turubai:

Nawashukuru sana. Suala la kulipa mapema kwa jina moja hatukulijua kabisa, na leo jioni nitalipeleka kwa wenzangu. Nailoni imeshinda. Bado nasubiri neno juu ya mavazi, na pia mmoja wetu anauliza kama anaweza kushika upanga akaingia vitani pamoja na wengine.

Mshona Majoho alijibu:

Kanuni inadai jaribio la kweli la vazi la kabla ya karne ya 17, na haidai liwe la Mzungu. Hapo ndipo ninyi mna bahati. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita pwani yetu mwaka 1331, akafika Mombasa na Kilwa, na kabla ya hapo Mogadishu, ambako alivishwa mavazi ya heshima akayaeleza moja moja: nguo ya hariri ya kufunga kiunoni, kanzu ya kitani cha Misri yenye tarizi, joho lililotiwa bitana, na kilemba cha Misri. Hayo ni maelezo ya shahidi wa macho, na kwa mshonaji ni zawadi, kwa kuwa vipande vyote vinne ni vya mistatili mitupu isiyohitaji fundi mkubwa. Pamba nayo ni halali kabisa. Vigurudumu vya kusokotea uzi wa pamba vimechimbuliwa Kilwa kwa wingi. Mfanyabiashara wa Kilwa aliyeuza dhahabu ya Sofala ana nafasi kambini sawa na kabaila yeyote wa Burgundy.

Ninaomba tu jambo moja: msivae kanga mkadai ni vazi la enzi hizo. Kanga tunayoijua, yenye pindo, ni ya karne ya 19. Ivaeni mkienda kuoga, hakuna atakayewashika, lakini usiku kwenye karamu mtu anayejua atatabasamu. Chagueni kitani au pamba ya rangi moja, mshone kanzu mbili za mwili na moja ya akiba kwa kila mtu, maana jasho ni jingi na kufua ni kwa ndoo. Viatu vya kisasa vyenye soli imara vinavumiliwa. Njia ni za mawe na, ikinyesha, za tope. Asiyeweza kushona aulize tawi la chama lililo karibu naye, kwa kuwa matawi mengi huwa na mavazi ya kuazima kwa ajili ya wageni.

Mlinzi wa Uzio alijibu:

Kwa yule anayetaka vita: hawezi kufika tu akaingia. Silaha ni fimbo za henzirani zenye unene usiopungua sentimita 3, lakini hupigwa kwa nguvu halisi, na kila mpiganaji lazima awe amepimwa na kupewa idhini, awe na kofia ya chuma na kinga za viungo zilizokaguliwa. Anayepigwa ndiye anayeamua kama pigo limemuua, na kuna wakati utaona jitu lenye deraya kamili likilala chini lenyewe bila mwamuzi kusema neno. Mafunzo ya kufikia hapo huchukua miezi katika tawi la nyumbani, basi aanze sasa au safari hii atazame tu. Vita vya darajani vitazameni kwa vyovyote vile.

Asiyepigana hatakosa kazi. Kuna masomo zaidi ya elfu moja yanayofundishwa na wajitoleaji, kuanzia mapishi na ngoma hadi uandishi wa hati na ufumaji, na mengi hayana ada isipokuwa mchango wa vifaa. Mkienda wiki ya kwanza mtapata utulivu na kivuli cha kuchagua. Mapigano makubwa na umati huja wiki ya pili. Kwa kundi lisilo na mzoefu, fikeni siku chache kabla ya wikiendi ya katikati, mchana, mkiwa na maji ya kunywa ndani ya gari, mshushe mizigo, msimamishe mahema kwanza, kisha gari liondolewe kwenda kwenye maegesho kabla hamjaanza kupika. Mama Sufuria amenishawishi nusu: jiandikisheni kama kundi lenu, lakini mwakilishi wenu wa ardhi awaandikie mapema wa makundi ya jirani, wajue mnakuja na mahema ya aina gani.