Tupeane uzoefu: vyeti vya polisi unapoomba uraia wa Kenya ukiwa mgeni

Mama wa South C

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa hapa Nairobi, na nimeshapeleka maombi ya uraia kwa njia ya ndoa. Katiba ya 2010, kifungu cha 15, inataka ndoa iwe imetimiza miaka 7. Yangu ilikuwa na 11, kwa hiyo hapo moyo ulitulia. Kilichoninyima usingizi ni vyeti vya polisi vya kuonyesha kwamba huna rekodi ya uhalifu: cha hapa na cha kwetu.

Cha hapa ni chepesi. Unaomba kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unalipa ada (mimi nililipa shilingi 1,050), unachapisha fomu ya alama za vidole iitwayo C24, kisha unakwenda kuchukuliwa alama hizo Huduma Centre, yaani kituo cha huduma za serikali, au makao makuu ya DCI, idara ya upelelezi, Kiambu Road. Hakikisha tu fomu imechapishwa mbele na nyuma kwenye karatasi moja. Kijana wa saiba, duka la intaneti, alinipa karatasi mbili, nikaishia kutoka kwenye foleni kwenda kutafuta mashine nyingine huku jua likiwaka.

Cha kwetu ndicho kilichonitoa jasho. Tanzania tunakiita cheti cha tabia njema, Kenya ni cheti cha maadili mema, na mimi nilidhani tofauti inaishia hapo. Kumbe jina langu Tanga limeandikwa Zainabu, na aliyetuozesha hapa Nairobi aliandika Zainab. Kitambulisho changu cha mgeni kikafuata cheti cha ndoa. Siku nimepeleka karatasi, afisa aliviweka vyeti viwili ubavu kwa ubavu, akaweka kalamu juu ya ile "u", akaniuliza, "Mama, hawa ni watu wangapi?" Hakuniuliza kwa ubaya. Lakini ilibidi nirudi kwa wakili, niape kuwa ni mtu mmoja, nianze kupanga makaratasi upya. Miezi mitatu ikaenda kwa herufi moja.

Kwa hiyo nawaomba sana: kabla hujalipa chochote, tandaza mezani paspoti, cheti cha kuzaliwa, cha ndoa na kitambulisho, usome jina herufi kwa herufi. Kisha anza na cheti cha nchi iliyo mbali. Cha Nairobi kiache mwisho, ili kisizeeke mkononi ukingoja kingine.

Watanzania wenzangu mnajua lililo zito zaidi. Sheria ya nyumbani hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Askari wa kwetu aliyenichukua alama za vidole aliniuliza cheti ni cha kazi gani, nikamwambia ni cha uraia wa Kenya. Alinyamaza kidogo, akanifutia wino vidoleni kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama mtoto wake. Nililia kwenye basi mpaka Horohoro, mpakani.

Nanyi wengine, ilikuwaje kwenu?

Shemeji wa Lang'ata

Mama, pole na hongera. Mke wangu ni Mwingereza. Cheti chao hutolewa na ofisi iitwayo ACRO, na huombwa mtandaoni bila alama za vidole. Wanachotaka ni anwani zote ulizokaa kwa miaka 10, na hapo ndipo tulipokwama, kwa sababu tumehama nyumba mara tano Nairobi na nyumba nyingi hapa hazina namba. Tuliandika jina la ploti, barabara na sanduku la posta. Cheti kilikuja kimeandikwa "No Trace", maana yake hawana rekodi yoyote juu yake. Mkiona "No Live Trace", hiyo ni kauli nyingine: kulikuwa na kitu zamani, ila hakitajwi tena. Aliye nacho ajiandae kueleza ukweli wote mapema.

Dada wa Kawangware

Waganda, chetu kiko Interpol, Kololo, Kampala. Mimi nilipanda basi la usiku, nikafika asubuhi, nikafanya shughuli zangu na kurudi. Uganda inaruhusu uraia pacha, kwa hiyo machozi ya Mama yamenipita, lakini nimeyaelewa.

Kuna rafiki yangu aliogopa kuomba kwa sababu aliwahi kupigwa faini mahakamani. Sheria ya uraia ya 2011, kwa mgeni anayeomba kwa kukaa miaka 7, inamzuia aliyehukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi. Faini si kifungo. Asiifiche tu. Na ajinoe Kiswahili, kwa maana nacho kimetajwa humo humo.

Mjenzi, Kayole

Nimesoma yote. Mimi natoka Bukavu, nilikimbia vita mwaka 1996. Kazi yangu ni kujenga, na saruji imenila vidole. Mara ya kwanza kuchukuliwa alama, kwenye karatasi palionekana madoa meusi tu, hakuna mistari. Nikaambiwa nipumzishe mikono. Wiki mbili sikushika mwiko wa ujenzi, kila usiku mke wangu alinipaka mafuta ya nazi na kunifunga vitambaa. Nilirudi, mistari ikatoka, hata ya kidole gumba cha kushoto ambacho nilishakikatia tamaa. Wajenzi na mama zetu wanaofua nguo, msikate tamaa.

Lakini cheti cha nyumbani sina. Siwezi kwenda kwa polisi wa mahali nilipokimbia nikaombe barua. Niliapa mbele ya wakili, nikaeleza kwa nini sina, nikaambatanisha makaratasi yangu yote ya ukimbizi tangu la kwanza, pamoja na cheti cha hapa ambacho ni safi. Faili limepokelewa, nangoja.

Kama kuna mkimbizi mwenzangu aliyepita njia hii akafika, tafadhali aandike hapa walimwuliza nini.