Mama mkwe anakula natto, mimi natoka jikoni. Nifanyeje?

Binti Mkwe
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri. Jambo lenyewe laweza kuonekana dogo, lakini linaninyima usingizi.

Mume wangu ni Mjapani. Mama yake amekuja kukaa nasi miezi mitatu tangu nijifungue, na ni mama mwema kwelikweli: anamwogesha mtoto, anahakikisha nimekula, hataki hata nishike ndoo. Tatizo ni natto. Kwa msioijua, ni maharage ya soya yaliyopikwa, yakatiwa bakteria na kuvundikwa hadi yakawa na utelezi. Kila asubuhi anafungua kiboksi chake, anatia mchuzi wa soya na haradali kidogo, kisha anakoroga kwa vijiti upesi upesi mpaka yanatoa povu jeupe na nyuzi kama za buibui. Akiinua vijiti, nyuzi zinafuata hadi mdomoni. Harufu yake mimi naisikia kama jibini kuukuu na soksi mbichi kwa pamoja.

Nimekuwa nikimbeba mtoto na kutoka mpaka amalize. Sijawahi kusema neno. Juzi nimeamka nikamkuta anakula kibarazani peke yake, kajifunika shali, bakuli kalipakata. Aliponiona akatabasamu, akaniashiria nirudi ndani nisipigwe na baridi. Niliingia chooni nikalia.

Baba yangu mzazi tunaishi naye, na yeye hana shida. Anakaa na mama wa watu mezani, anakula naye vijiko viwili vitatu. Mimi ndiye niliyeshindwa. Mtu anajifunzaje kula kitu ambacho koo linakataa? Au nimwombe tu radhi yaishe?

Mzee wa Safari
Hongera kwa mtoto, binti yangu. Hata Japani kwenyewe natto si ya kila mtu. Watu wa upande wa mashariki, hasa mji wa Mito, wanajivunia, lakini ukienda Osaka wengi hawaigusi. Kwa hiyo mama mkwe wako amekwisha kuona Wajapani wenzake wakiikataa, na hajafa moyo. Nadhani kilichomtoa nje si wewe kukataa kula. Ni wewe kuondoka bila kusema. Mweleze kupitia mumeo, kwa maneno ya adabu, kwamba ni pua yako ndiyo inayokusumbua, si yeye.

Kopo la Njano
Dada, mimi nilifanya kazi na Waaustralia miaka sita. Wana kitu chao kinaitwa Vegemite, kipo tangu 1923, kinatokana na chachu inayobaki viwandani baada ya kutengeneza bia. Ni kitu cheusi, kizito, chumvi kali. Mara ya kwanza nilikipaka kwenye mkate kama watu wanavyopaka chokoleti. Nilikimbilia bomba. Mwenzangu mmoja akanikalisha akanionyesha: mkate uliochomwa ukiwa bado moto, siagi ya kutosha, halafu Vegemite ya ncha ya kisu tu, unaitembeza mpaka siagi inageuka rangi ya kahawia. Kumbe ni kitu kingine kabisa! Nimeondoka kule ndicho ninachokikumbuka kuliko nyama zao zote.

Ninachotaka kusema: mgeni hukosea kipimo. Usianze na kiboksi kizima. Chukua punje tatu za natto, zikiwa baridi kutoka kwenye friji, kwa sababu joto ndilo linaloamsha harufu. Wali nao uache upoe. Tia na majani ya kitunguu.

Dada wa Kaskazini
Mimi nampinga kidogo mwenzangu hapo juu. Nimeolewa Finland. Kule kuna pipi nyeusi, salmiakki, inatiwa chumvi ya amonia, na watoto wanaililia dukani. Nimejaribu miaka tisa. Sijaipenda na sitaipenda, na wakwe zangu hawajapungukiwa na kitu. Mtu asijilazimishe hadi chakula kikawa adhabu.

Lakini hilo la kibarazani limenigusa. Majirani zetu Waswidi wana surströmming, samaki wa Baltiki waliochachushwa, wakaendelea kuchacha ndani ya kopo mpaka kopo linavimba. Wenyewe hulifungulia nje kwa sababu ya harufu, wanakula na viazi, kitunguu na mkate mwembamba. Hakuna anayejiona amefukuzwa, kwa kuwa wametoka wote. Dada, chukua chai yako ukakae naye nje. Anza na hilo kabla ya punje hata moja.

Muuguzi wa Zamu
Samahani nikatize. Binti Mkwe, baba yako anatumia dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda? Natto ina vitamini K nyingi mno, bakteria wake ndio wanaoitengeneza. Warfarin, mojawapo ya dawa hizo, inafanya kazi kwa kuizuia vitamini hiyo hiyo. Hata vijiko hivyo viwili vinaweza kuidhoofisha dawa kwa siku kadhaa. Kama anaitumia, aache natto leo, dawa asiiache, na upige simu kliniki yake sasa hivi.

Binti Mkwe
Mikono inatetemeka. Anatumia warfarin tangu damu ilipoganda mguuni. Napiga simu.

Mzee wa Safari
Tunasubiri habari, mwanangu.

Binti Mkwe
Siku nne zimepita, nisameheni kwa kuchelewa. Baba alipimwa siku ile ile, damu ilikuwa imeanza kuganda upesi kuliko inavyotakiwa. Wamempangia dawa upya na atapimwa tena wiki hii. Anaendelea vizuri. Muuguzi, sina cha kukulipa, Mungu akuzidishie. Mama mkwe alipotafsiriwa alishika mdomo kwa mikono miwili. Nikamwambia hakujua, na sisi pia hatukujua.

Jana asubuhi nilitoka na chai yangu, nikaketi naye kibarazani. Mume wangu alimweleza habari ya pua yangu, mama akacheka, akasema dada yake aliyezaliwa Osaka (tumbo moja, baba alihamishwa kazi) hajawahi kuila hata siku moja. Nikaomba punje tatu juu ya wali baridi. Ladha haina ukali wa ile harufu, iko karibu na karanga zilizoungua kidogo. Nyuzi ndizo bado zinanishinda. Moja ilining'inia kidevuni, naye akaizungusha kwa kidole na kuiondoa, vile vile anavyompangusa mtoto maziwa.

Kesho narudia. Kopo la Njano, hayo majani ya kitunguu nikate madogo kiasi gani, na yanatiwa kabla ya kukoroga au baadaye?